Kuku wana wiki 23 na sijaona yai hata moja, nianzie wapi?

BandaLaUani

Wakuu, heshima zenu. Nina kuku tisa nyuma ya nyumba: chotara watano wa kahawia wa mayai, Plymouth Rock wawili na Brahma wawili. Wote walianguliwa siku moja na tarehe ninayo kwenye daftari. Leo wana wiki 23 kamili, na yai sijaliona.

Wanakula growa (chakula cha kuku wanaokua) tangu wiki ya 9. Jioni nawamwagia mahindi yaliyoparazwa, makonzi manne hivi kwa wote. Maji yapo muda wote. Asubuhi nikifungua banda wanasambaa uani mpaka giza linaingia. Vizimba vya kutagia vipo viwili, nimevitundika juu, usawa wa fito wanazolalia. Banda halina taa, na kipindi hiki mchana unazidi kupungua.

Naomba kujua: umri huu ni wa kawaida au kuna tatizo? Nibadilishe chakula sasa au nisubiri yai la kwanza? Halafu kuna mtu kanishauri nichanganye pilipili kwenye chakula ili "wapate joto". Ina ukweli wowote? Jogoo sina.

Tetea_na_Pora

Karibu mkuu. Jogoo mtoe kwenye hesabu. Kuku hutaga jogoo awepo asiwepo, ila mayai hayo hayataanguliwa tu. Pilipili nayo iache. Kuku hausikii ule ukali kama sisi, ndiyo maana anaila bila kusitasita, na hakuna yai inalolifungua. Faida yake inayoonekana ni kiini kukolea rangi.

Umri hauko mmoja kwa kuku wote. Chotara wa mayai (ISA Brown, Lohmann Brown, Hy-Line Brown na jamaa zao) huanza wiki ya 18 hadi 20, wengine hata ya 17. Leghorn yuko hapohapo. Rhode Island Red, Sussex na Plymouth Rock ni wiki ya 20 hadi 24, na akifika ya 26 usishtuke. Brahma, Orpington na Cochin ni wazito, mwili wao unajenga mifupa na nyama kwanza, kwa hiyo wiki ya 26 hadi 30 ni kawaida, na Brahma anaweza kuzidi hapo. Kienyeji halisi wengi huanza wiki ya 24 hadi 28, na lishe ikiwa duni wanavuka.

Kwa hiyo Brahma wako bado wasichana. Plymouth Rock wako ndani ya muda. Swali lako hasa ni hao chotara watano. Kuku watano wa aina hiyo kufika wiki 23 bila hata mmoja kutaga si kawaida, na ukitoa ugonjwa, sababu huwa mojawapo ya hizi: wanataga mahali usipopaona, hawajafikisha uzito, au mwanga umewapungukia. Sababu ya kwanza ndiyo inayopuuzwa sana, na kwa kuku wanaozurura uani kutwa nzima ningeiweka mbele.

Jambo moja dogo: hakikisha hao Brahma ni mitetea kweli, si pora. Aina nzito huchelewa kujionyesha. Tazama manyoya ya shingoni na yale ya kiunoni karibu na mkia. Ya jike yana ncha za mviringo, ya dume ni membamba, yamechongoka na yanang'aa. Kwa wiki 23 hiyo haidanganyi, hata kama bado hajawika.

VidoleVitatu

Kabla hujagusa chakula, shika kuku. Kalenda inakuambia lini uanze kutazama, lakini mwili ndio unaokuambia yai liko umbali gani. Subiri usiku wakiwa wametulia kwenye fito, washa tochi yenye mwanga hafifu, wachukue mmojammoja. Mfunge kila mmoja uzi wa rangi yake mguuni, usiubane, na uandike.

Anza na uso. Upanga mdogo, uliopauka, mkavu kama una magamba: bado sana. Upanga uliovimba kidogo, mwekundu, laini na wenye joto ukiushika, na ndevu za chini ya mdomo nazo zimekuwa nyekundu: yai liko njiani. Wekundu huo unaletwa na homoni za kifuko cha mayai kinapoamka, si rangi ya chakula. Ila usimpime Brahma kwa kigezo cha chotara. Upanga wake ni mfupi wa safu tatu na hautakaa usimame.

Sasa vidole. Mpakate kuku kichwa chake kikiwa kimeelekea nyuma chini ya kwapa lako, kifua kimelala kwenye kiganja, miguu umeibana katikati ya vidole. Kwa mkono mwingine papasa chini ya mkia. Pande mbili za tundu la kutagia utakuta ncha mbili za mifupa ya nyonga, nyembamba kama vijiti. Pima nafasi iliyopo kati ya ncha hizo kwa vidole vilivyolazwa:

- kidole kimoja, tena kwa shida: bado wiki nne au zaidi;
- vidole viwili: yuko karibu, mara nyingi ni suala la wiki moja au mbili;
- vidole vitatu, na ncha zinanesa ukizigusa: huyo anataga tayari.

Kisha pima kutoka kwenye ncha hizo hadi mwisho wa mfupa wa kidari. Asiyetaga huwa na vidole viwili na tumbo limekaza. Anayetaga ana vitatu hadi vinne au zaidi, na tumbo linabonyea kama unga uliokandwa. Tumbo pana lakini gumu na zito ni mafuta, usilihesabu kama dalili njema.

Malizia na tundu lenyewe. La kuku asiyetaga ni dogo, la mviringo, kavu, limejikunja. La anayetaga ni pana, limelala kama tabasamu, lina unyevunyevu na limepauka. Chotara wengi wa kahawia wana ngozi ya njano, na hapo kuna siri nzuri: rangi ya njano huhamia kwenye viini, hivyo huanza kupotea mwilini kwa mpangilio. Kwanza tundu, halafu ukingo wa jicho, halafu mdomo kuanzia shinani kuelekea nchani, mwisho miguu. Ukikuta tundu jeupe na ukingo wa jicho umepauka lakini miguu bado ya njano kali, huyo ameanza kutaga siku si nyingi. Hakuna anachokuficha.

Dalili ya mchana ni moja tu ninayoiamini: ukinyoosha mkono juu ya mgongo wake anachuchumaa, anatanua mabawa kidogo na kutulia. Wengi hufanya hivyo wiki moja au mbili kabla ya yai la kwanza. Kuingia na kutoka kwenye vizimba, kuchakura maranda na kutetea ovyo pia ni dalili, lakini wengine hufanya hayo mwezi mzima bila yai.

Ukiwa na mizani, pima. Chotara wa kahawia wa wiki 18 anatakiwa awe na kilo 1.4 hadi 1.6, na kwa wiki 23 awe amepita kilo 1.6. Kama huna mizani, pitisha kidole kwenye kidari. Kikiwa na makali kama mgongo wa kisu na nyama imezama pande zote mbili, huyo hana akiba ya kutengenezea yai.

SakaUani

Mimi nitasema fupi. Usiwafungulie kwa siku nne mfululizo kabla ya saa sita mchana. Wape maji, chakula na vizimba ndani. Kuku wengi hutaga asubuhi. Wakianza kuacha mayai bandani, umepata jibu, na uani kwako kuna hazina mahali fulani.

Usipotaka kuwafungia, mfuate mmoja. Kuku anayetaka kutaga hujitenga na kundi, huchungulia pembeni, hurudi nyuma akihisi anatazamwa. Kaa mbali. Akimaliza hutetea kwa kelele, lakini mjanja hutembea kwanza mita kadhaa ndipo apige kelele, kwa hiyo usitafute pale unapomsikia. Tafuta chini ya vichaka, nyuma ya mbao, ndani ya ndoo iliyolala, kwenye nyasi ndefu zilizobonyea.

GramuMiaMoja

Nijibu la chakula, maana hapa watu huharibu pande zote mbili.

Ganda la yai moja lina kalsiamu ya gramu 2 hivi. Growa ina kalsiamu ya takriban asilimia 1. Kuku akila gramu 110 kwa siku anaingiza gramu 1.1, na utumbo wake hausharabu hata hiyo yote. Zilizobaki anazitoa kwenye mifupa yake. Atataga, ndiyo, lakini baada ya muda ganda linalegea, kidari kinapinda na miguu inakosa nguvu. Leyazi (chakula cha kuku wanaotaga) ina asilimia 3.5 hadi 4 na ushee, yaani gramu 4 na kitu kwa siku. Hapo hesabu inakubali.

Upande wa pili: kumpa leyazi kuku wa wiki 10 kwa tamaa ya kumharakisha. Haharakishwi na chochote. Kalsiamu ile nyingi haina pa kwenda, figo ndizo zinazobeba mzigo, na figo zikishaharibika hazirudi. Chini ya wiki 16 usiwape kabisa.

Kwako wewe mwenye kundi la mchanganyiko kuna njia mbili. Ya kwanza: hamia leyazi kwa wote sasa, kwa siku saba, ukichanganya robo, kisha nusu, kisha robo tatu, kisha yote. Ya pili, ambayo naipenda zaidi kundi likiwa na wanaotaga na wasiotaga: wote wale chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu ndogo, halafu weka chombo cha pembeni chenye maganda ya chaza yaliyopondwa au kokoto za chokaa za ukubwa wa milimita 2 hadi 4. Anayetaga atakula, asiyetaga atadonoa mara mbili na kuondoka. Usiyachanganye kwenye chakula, yaache yajitegemee.

Ukubwa wa kokoto una maana. Ganda hutengenezwa zaidi usiku, wakati kuku hali chochote. Unga wa chokaa hupita haraka, lakini kokoto hukaa kwenye filigisi na kuyeyuka taratibu mpaka alfajiri. Na tafadhali msichanganye hizi na changarawe. Changarawe ni meno ya kuku, inasaga punje, haina kalsiamu ya maana.

Mahindi sasa. Kuku tisa wanakula kilo moja hivi ya chakula kwa siku, na vitu vya kuongezea visizidi sehemu moja ya kumi, yaani gramu 100. Makonzi manne ya mahindi yaliyoparazwa ni zaidi ya hapo, huenda mara mbili. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 tu, kwa hiyo kila konzi linapunguza nguvu ya chakula ulichonunua. Matokeo yake ni kuku mwenye mafuta tumboni na kidari chembamba. Punguza hadi konzi moja au mawili.

Maji hujauliza, lakini ni robo lita kwa kuku kwa siku kama makadirio, na joto likipanda ni zaidi sana. Yai kwa sehemu kubwa ni maji. Chombo kikikauka siku moja tu, kundi linaloanza kutaga linaweza kusimama kwa siku kadhaa.

BandaLaUani

Asanteni sana wakuu. Nimewashika wote jana usiku, majibu haya hapa:

Chotara watatu (uzi mwekundu, bluu, mweupe): vidole vitatu, tundu pana lenye unyevu, ukingo wa jicho umepauka, miguu ya njano. Chotara wawili (kijani, zambarau): vidole viwili, upanga mwekundu, kidari kina makali kidogo. Plymouth Rock: mmoja viwili, mwingine kimoja na nusu. Brahma wote wawili: kidole kimoja, manyoya ya shingoni ya mviringo, kwa hiyo mitetea.

Leo sijawafungulia mpaka saa sita. Mayai mawili chini kwenye kona ya banda, juu ya maranda. Na nyuma ya rundo la mbao uani nimekuta mayai 17! Nayafanyaje? Na kwa nini wanakwepa vizimba?

VidoleVitatu

Uzi mwekundu, bluu na mweupe wamekuwa wakikulisha siri. Hao wengine wawili hawana kasoro kubwa, makali ya kidari yanatoka kwenye yale mahindi.

Mayai 17 yaweke kwenye maji baridi ndani ya chombo kirefu. Linalolala chini ubavu ni bichi. Linalosimama kwa ncha limekaa muda, kwa sababu maji yamevukia kupitia ganda na hewa imeongezeka upande wa butu. Linaloelea tupa, bila kulipasua. Yaliyolala yavunje kwenye kikombe, moja moja, kabla ya kuyaweka kwenye chakula. Yenye ufa tupa hata kama yanazama, na kama palikuwa na jua kali yatupe yote, hayafai kubahatisha. Mengine utakayookota baadaye, usiyaoshe ukitaka kuyahifadhi. Ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Yafute kwa kitambaa kikavu.

FundiViota

Wanakwepa kwa sababu umewatundikia mahali pa kulala ukaviita vizimba. Kuku usiku hutafuta pa juu. Kizimba kikiwa usawa wa fito, watalala ndani, watakijaza kinyesi, na mchana hawatakitaka. Kishushe. Sakafu ya kizimba iwe sentimita 30 hadi 45 kutoka chini, na fito ziwe juu zaidi ya hapo. Mitetea wapya ningewawekea hata chini kabisa kwa wiki mbili za mwanzo, kisha nipandishe kidogokidogo.

Vipimo: sentimita 30 kwa 30, kimo 35, kwa chotara na Plymouth Rock. Brahma mpe 35 kwa 40, la sivyo atakanyaga yai akigeuka. Ukingo wa mbele uwe na kimo cha sentimita 10 hadi 15 ili maranda na mayai yasimwagike. Ndani maranda au nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8. Kizimba kimoja kinatosha kuku wanne au watano, kwa hiyo viwili kwako vinatosha, ila usishangae wote wakipanga foleni kwenye kimoja na kuacha kingine kitupu.

Giza ndilo linalowavuta. Ning'iniza gunia lililochanwa vipande mbele, likifunika nusu ya juu. Weka yai bandia ndani, la mti au mpira wa gofu, kuku huamini pale ambapo mwenzake keshataga. Ile kona ya banda wanapotaga izibe na ubao au weka tofali, na rundo la mbao uani lihamishe leo, si kesho. Wafungie hadi saa tano au sita kwa wiki mbili hivi, tabia itahama. Jioni ziba milango ya vizimba ili mtu asilale humo, na uzibue kabla hawajaamka.

MwangaNaKivuli

Limebaki la mwanga. Kuku hahesabu wiki, ubongo wake unapima urefu wa mchana. Mchana ukirefuka, homoni za kutaga zinapanda, ukifupika, zinashuka. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, na kuku huanza kutaga bila taa yoyote. Ukiwa mbali na ikweta, mitetea waliofikia umri wakati mchana unafupika wanaweza kusubiri miezi, hasa aina nzito. Brahma wako wakivuka wiki 30 bila yai, na mchana bado mfupi, hiyo ndiyo sababu ya kwanza kuifikiria.

Ukiamua kuweka taa, lengo ni saa 14 hadi 16 za mwanga kwa jumla, jua na taa pamoja. Ongeza nusu saa kwa wiki, usiruke. Iwashe alfajiri, isiwe jioni, kwa sababu taa ikizimika ghafla usiku kuku wanabaki sakafuni gizani na hawaoni fito. Balbu ya LED ya wati 5 yenye mwanga wa njano inatosha banda dogo; ukiweza kusoma maandishi ya gazeti ukiwa usawa wa kichwa cha kuku, imetosha. Tumia swichi ya saa. Ukiwasha leo ukasahau kesho, unawachanganya kuliko kutokuwa na taa kabisa.

Tetea_na_Pora

Hapo nipinge kidogo, mkuu. Kundi hili lina kuku watatu wanaotaga bila taa na wawili wa vidole viwili. Taa ya nini sasa? Zambarau na kijani wana kidari chembamba. Ukiwasukuma kwa mwanga kabla uzito haujafika, wataanza na mayai madogo, na hatari ya mrija wa mayai kutoka nje inapanda. Warekebishe chakula wiki tatu kwanza, pima tena, ndipo mzungumze taa.

MwangaNaKivuli

Nakubali kwa hao wawili. Uzito kwanza, mwanga baadaye. Nilikuwa nawalenga Brahma.

GramuMiaMoja

Kwa kuwa uzi mwekundu na wenzake wameanza, mwenye banda asishtuke na vituko vya mwezi wa kwanza. Mayai ya gramu 40 hadi 45 ni kawaida, yatapanda kuelekea 60 kadiri wiki zinavyokwenda. Mayai yenye viini viwili hutokea kifuko kikiachia viini viwili karibu pamoja. Kiyai kidogo kama gololi kisicho na kiini, pia. Mchirizi mwembamba wa damu kwenye ganda ni mrija unaotanuka kwa mara ya kwanza. Damu ikiwa nyingi au ikirudi kila siku, hilo ni jambo lingine.

Wala usitarajie yai kila siku. Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kutengenezwa, na takriban saa 20 kati ya hizo ni za ganda peke yake. Kwa hiyo kila siku anachelewa kidogo, mpaka anaruka siku nzima. Wiki za mwanzo yai moja kwa siku mbili ni sawa. Chotara akitulia atakupa matano au sita kwa wiki, Plymouth Rock manne hadi matano, Brahma matatu hivi.

DawaYaBanda

Niongeze yale yanayotaka haraka, kwa sababu mtetea anayeanza ndiye anayepatwa zaidi.

Yai kukwama: kuku amesimama wima kama pengwini, mkia unapanda na kushuka, anajikamua bila kitu kutoka, hali, macho nusu yamefumba. Mwingize kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 38 hadi 40 yafike tumboni, dakika 15 hadi 20, mkaushe vizuri, paka mafuta safi ya kulainisha kwenye tundu, mweke kwenye boksi lenye giza na joto. Rudia baada ya saa moja au mbili. Usimminye tumbo na usilivunje yai ndani, vipande vya ganda vinachana mrija. Asipotoa siku hiyohiyo, daktari wa mifugo.

Mrija kutoka nje: nyama nyekundu inayoning'inia kwenye tundu. Mtenge dakika hiyohiyo, maana kuku wenzake wakiona wekundu watadonoa mpaka wamuue. Osha kwa maji safi ya baridi, paka mafuta ya kulainisha, sukuma ndani taratibu kwa kidole chenye glavu, mweke gizani. Ikitoka tena mara ya pili au ya tatu, uamuzi si wako peke yako tena, mwone daktari.

Na kuna anayeonekana mtagaji kwa kila kigezo, anaingia kizimbani, anatetea, lakini yai halitoki miezi nenda rudi. Baadhi yao waliugua bronkaitisi ya kuku wakiwa vifaranga wa wiki mbili za mwanzo, mrija ukaharibika wakati huo. Kiini kinadondokea tumboni badala ya kuingia kwenye mrija. Hakuna chakula wala taa itakayomrudisha. Chanjo za vifaranga zinazuia hilo, za ukubwani zimeshachelewa.

Kagua pia utitiri mwekundu. Hukaa kwenye nyufa za fito mchana na kunyonya damu usiku. Pitisha karatasi nyeupe chini ya fito baada ya giza. Ikipata alama nyekundu, unao. Kuku mwenye upanga uliopauka wakati wenzake wamekolea, mshuku utitiri na minyoo kabla ya kumlaumu kwa uvivu.

BandaLaUani

Vizimba nimeshusha, gunia lipo, mpira wa gofu upo. Leo mayai mawili ndani ya kizimba cha kushoto, cha kulia hakuna aliyekigusa. Lakini asubuhi nimekuta jingine chini ya fito, halina ganda, ni utando tu kama puto lenye maji. Hilo nalo ni la kawaida?

GramuMiaMoja

Kwa anayeanza, ndiyo. Kiwanda cha ganda bado hakijashika mwendo, na yai limetoka usiku kabla ya wakati wake. Likusanye mapema wasije wakalipasua na kulionja, ladha hiyo ikishaingia ni kazi kuitoa. Angalia asubuhi ni nani mkia wake una uteute mkavu, huyo ndiye. Kokoto za chokaa ziwe mbele yao hasa jioni kabla ya kupanda kwenye fito. Wiki mbili zikipita na kuku huyohuyo bado anatoa ya utando tu, hapo si mwanzo tena. Mtenge, mshike tumbo, na uje na majibu ya vidole.